Nitapimaje stadi ya kuzungumza Kiingereza katika darasa kubwa?

Swali
Walimu wenzangu, nafundisha Kiingereza darasa la wanafunzi 50, na kipindi ni cha dakika 40. Hata nikimpa kila mmoja dakika moja ya kuzungumza mbele ya wenzake, kipindi kinakwisha kabla ya orodha, huku wengine wote wakiwa wamekaa kimya. Zaidi ya hayo, wengi hukariri hotuba nyumbani na kuitiririsha bila kusita, hata sijui kama ninapima uzungumzaji au kumbukumbu. Ninyi mnawazoeshaje, na alama mnazitoa kwa misingi gani?

Jibu la 1
Mwalimu, kwanza achana na utaratibu wa kuwasimamisha mbele mmoja mmoja. Wapange wawiliwawili na umpe kila mmoja habari ambayo mwenzake hana: huyu awe na ratiba ya mabasi isiyo na saa za kuondoka, na yule awe na saa hizo bila majina ya vituo, nao waijaze kwa kuulizana tu, pasipo kuchunguliana karatasi. Hotuba ya kukariri haifui dafu hapo, kwa sababu swali la mwenzake halijui mapema. Kwa ufasaha, yaani kuzungumza bila kusitasita, jaribu mbinu ya 4/3/2 iliyoelezwa na Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, ambapo mwanafunzi husimulia jambo lilelile kwa wasikilizaji watatu tofauti, kwa dakika 4, kisha 3, kisha 2. Wasikilizaji nao wakishapata zamu ya kusimulia, mnakuwa mmetumia dakika 18. Wanaoanza wapunguzie muda, kwani dakika 4 kwao ni adhabu.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu, ila kuhusu alama naongeza kwamba hakuna sheria inayokulazimisha kuwapima wote siku moja. Wakati jozi zinazungumza, wasikilize wanafunzi 6 tu bila kuwatangaza, na baada ya vipindi 9 darasa zima litakuwa limepimwa katika mazungumzo halisi. Mtihani wa IELTS, ambao ni wa kimataifa wa kupima Kiingereza, hutumia vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Mwalimu aliye peke yake hawezi kuvifuatilia vyote kwa makini akiwa anazunguka kati ya madawati, kwa hiyo chagua viwili kwa kila zoezi na uwaambie wanafunzi mapema. Mfumo wa viwango vya umahiri wa lugha wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001 unatazama pia namna mtu anavyoshirikiana na mwenzake, yaani kupokezana zamu na kuomba ufafanuzi, kigezo ambacho mkariri hushindwa mara moja. Katika matamshi, pima kama anaeleweka. Lafudhi ya kwao isimpunguzie alama.

Jibu la 3
Tahadhari moja: mwanafunzi mzuri akipangwa na asiyejibu kitu, ataonekana dhaifu bure, kwa hiyo badilisha jozi kabla ya kuandika alama ya mwisho.

Muuliza swali
Nashukuru. Je, nikimsikia mtu akisema "Yesterday he go", nimsahihishe papo hapo?

Jibu la 2
Ikiwa zoezi ni la ufasaha, mwache amalize. Andika sentensi hiyo daftarini, kisha dakika 5 za mwisho iweke ubaoni bila jina, pamoja na nyingine mbili tatu, na darasa lizisahihishe.