Mama kavunjika nyonga, bili milioni 2.4: msamaha wa ustawi wa jamii, mchango wa ukoo au mkopo?

Fundi Cherehani
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 63, aliteleza kisimani Jumamosi akavunjika nyonga. Tuko hospitali ya rufaa ya mkoa, daktari anasema apasuliwe awekewe chuma. Makadirio ni 2,400,000. Hana bima. Mimi nashona, kaka analima, tumejikamua tumepata 600,000. Kila mtu anatuvutia kwake: shangazi anasema tuombe msamaha wa bili ofisi ya ustawi wa jamii hapa hospitalini, wajomba wanataka tuchangishane kwenye kundi la ukoo, na jirani kanitajia watu wanaokopesha siku hiyohiyo ukiwaachia kadi ya benki. Aliyezipitia njia hizi anisaidie, sijalala siku tatu.

Mkulima wa Gairo
Pole sana mwanangu. Nenda ustawi wa jamii leo hii, bili isije ikafungwa hujafika. Mwaka 2021 nilimuuguza mke wangu, nikaenda kuomba siku aliporuhusiwa. Afisa akaniuliza, "Mzee, siku zote kumi na moja ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilisamehewa kidogo tu, nikauza mbuzi.
Chukua barua ya serikali ya mtaa au kijiji, yenye picha ya mama na muhuri juu ya picha. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, itajwe humo.

Nesi Mstaafu
Dada, wengi hawajui kwamba kuna msamaha wa aina mbili. Mmoja ni wa makundi: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mwingine ni wa mtu yeyote aliyekwama kwa wakati huo, afisa anamhoji na kupima hali yake. Mama yako ana 63, yumo kwenye kundi la kwanza! Usiingie ofisini kama mtu anayeomba hisani. Sema, "Mama ni mzee, hana kipato, naomba utaratibu wa wazee."
Ila nikwambie ukweli usije ukashtuka: msamaha unafuta gharama za hospitali yenyewe, yaani kitanda, vipimo, upasuaji. Haununui kitu duka la nje. Chuma cha nyonga mara nyingi hakipo stoo na ndugu wanaambiwa wakanunue. Hiyo 600,000 msiiguse, isije ikaishia kwenye malipo ya kitanda.

Dereva wa Noah
Kwa nini asikate bima ya afya sasa? Mimi 2022 nilikata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, kwa 30,000, kaya nzima watu sita.

Nesi Mstaafu
Ni nzuri mkuu, lakini kuna siku za kusubiri, ukikata leo haifanyi kazi leo. Nyonga ya mama haisubiri. Wakate kwa ajili ya kesho.

Mama Ntilie Msamvu
Kuhusu mkopo naongea kwa uchungu. Nilichukua 500,000 mwanangu alipolazwa, riba asilimia 30 kwa mwezi. Miezi minne nikawa nimelipa riba tupu, deni limekaa palepale, na kadi yangu wanayo wao. Mtoto alipona, mtaji ukafa. Nakuomba dada yangu, hiyo njia ifute kabisa. Bora umwombe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, mlipe kidogokidogo kwa maandishi.

Katibu wa Ukoo
Mchango una nguvu wiki ya kwanza tu, baada ya hapo watu wanapoa. Kwa hiyo msiuanzishe kabla ya kujua msamaha umefuta kiasi gani. Ukitangaza milioni 2.4 halafu ikasamehewa, minong'ono haitaisha. Ukitangaza kitu kimoja kinachoonekana, kwa mfano "chuma cha mama," na karatasi ya bei ukaiweka pale, watu wanatoa. Mweka hazina awe mmoja, na jioni kila jina liandikwe na kiasi chake, hata aliyetoa elfu mbili.

Fundi Cherehani
Wakuu, nimerudi. Kaka alileta barua ya kijiji kwa bodaboda saa nne asubuhi. Afisa alinihoji karibu saa nzima: tunalala nyumba gani, shamba ekari ngapi, watoto wa mama wako wapi. Kisha akampigia mtendaji mbele yangu kuhakikisha. Upasuaji, kitanda na vipimo vimesamehewa vyote. Chuma kweli hakipo, bei ya nje ni 850,000, na dawa zingine mbili za kununua.
Nimeweka karatasi ya bei kwenye kundi la ukoo saa nane mchana. Hadi sasa imeingia 215,000, wa kwanza kutoa alikuwa binamu ambaye hatujasemeshana tangu msiba wa baba. Nesi, Mungu akuzidishie, bila wewe ile 600,000 ningekuwa nimeshaipeleka dirishani.
Mama anaingia thieta Alhamisi. Kaka anakwenda halmashauri kufuatilia kitambulisho cha matibabu ya wazee, maana kliniki za kurudi ni nyingi.