Ringi ya disiki mbele kwenye CG125 ya drum, inawezekana?

PikiYaZamani
Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa wanaoelewa haya mambo. Nina pikipiki ya Honda CG125 ya zamani ile ya breki za drum (zinazobana kwa ndani ya kitovu cha tairi) mbele na nyuma, mbele ina ringi ya spoku namba 18. Injini haina shida kabisa ila breki ya mbele inanikosesha raha, unabana mpaka vidole vinauma na chombo kinaenda tu, ukipakia mtu na mvua imenyesha ndo usiseme. Sasa nimepata ringi ya aloi namba 17 iliyotoka kwenye pikipiki ya cc 150, ina disiki, kalipa (inayoibana disiki), paipu na masta silinda (pampu ya mafuta ya breki kwenye usukani), vyote vizima. Shida ekseli yangu ni milimita 12 na beringi za hiyo ringi ni za 15, halafu shokapu zangu hazina pale pa kushikia kalipa. Fundi kaniambia atachomelea masikio ya kushikia kalipa kwenye shokapu na ekseli ataivalisha bushi (kimrija cha kujaza nafasi), mambo yaishe. Niendelee au nisiendelee?

SpanaKumiNaMbili
Usiendelee mkuu. Bushi tuiache kwanza, hiyo inazungumzika, ila hayo masikio ya kuchomelea sahau kabisa. Lile gamba la chini la shokapu ni aloi ya kumiminwa, ukilipiga moto linapinda kidogo tu ambapo kwa macho huoni, ila ukirudisha ule mrija wa ndani unaanza kukwama, shokapu inakuwa ngumu na sili inavuja. Na hapo ni kama bahati iko upande wako, maana ukibana breki nguvu yote ya kusimamisha tairi inakuja kwenye yale masikio mawili, yakichomoka kalipa inaingia kwenye ringi na tairi la mbele linagoma kuzunguka ukiwa barabarani, matokeo yake unayajua.

Njia sahihi ni kuchukua mbele yote kutoka kwenye hiyo hiyo 150, yaani shokapu zote mbili, ekseli yake, zile bushi za pembeni na gia ya spidomita. Pima unene wa mrija wa shokapu zako na zake, zikilingana umemaliza kazi, unachomoa zako unachomeka zake. Zisipolingana inabidi uchukue na vibano vya juu na chini pamoja na chuma chake kinachopita kwenye kichwa cha fremu, hapo sasa pima urefu wa hicho chuma na vikombe vya goroli za usukani, maana hapo ndo wengi wanakwamia wakati pesa imeshatoka.

MzeeWaDrum
Vijana mnapenda kubadilisha. Drum ya mbele ikiwa nzima inaisimamisha 125 vizuri tu. Kijana kabla hujanunua chochote fanya hivi, legeza nati ya ekseli kidogo, bana breki ya mbele kwa nguvu zote na uishikilie hivyo hivyo, mwenzako akaze nati ukiwa bado umebana. Shuu (vile vipande vinavyobana drum kwa ndani) zinajikalisha katikati ya drum zenyewe. Halafu angalia ule mkono mdogo unaovutwa na waya pale chini, breki ikiwa imeshika waya na mkono vitengeneze pembe ya mraba au karibu na hapo, kama mkono umeshapitiliza sana ujue shuu zimeisha au mtu aliufunga vibaya kwenye meno yake, unapoteza nguvu bure. Shuu zikiwa zinang'aa kama kioo zipige msasa mpaka zikwaruze.

Na kitu kingine, siku yoyote ukirudisha tairi la drum hakikisha ule mfereji wa kwenye sahani ya breki umeingia kwenye kile kijino cha shokapu. Usipoingia, ukibana breki sahani nzima inazunguka na tairi.

PikiYaZamani
Mzee shikamoo, nimefanya hilo la kukaza nati huku nimebana na kweli kuna tofauti, mkono wa breki umekuwa mgumu kidogo na inashika mapema. Ila nikiwa na mzigo bado sijaridhika aisee. @SpanaKumiNaMbili nimepima mirija ya shokapu, za 150 ni milimita 31, zangu ni nyembamba, kwa hiyo itabidi na vibano. Muuzaji yuko tayari kunipa mbele yote. Kuna mtu kaniambia hiyo masta niiache niweke kubwa ya pikipiki yenye disiki mbili, eti itakamata zaidi, ni kweli?

KebosNaPaipu
Hapana, hapo kakudanganya, ni kinyume chake. Masta kubwa inasukuma mafuta mengi lakini kwa nguvu ndogo. Masta ya disiki mbili nyingi pistoni yake ni karibu milimita 15.8, ya disiki moja ni kama 12.7, ukipiga hesabu ya eneo utaona ile kubwa inataka ubane kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu kupata breki ile ile. Utabana mkono wa breki uone mgumu kama mbao ufikiri breki ni kali kumbe haisimami, utakuwa umerudi kule kule kwenye drum. Baki na masta iliyokuja na kalipa yake, zimetengenezwa kwa kuendana.

Kuhusu 17 badala ya 18, angalia tairi. Saizi 2.75-18 na 90/90-17 (namba ya mwisho ni ya ringi) ukizisimamisha urefu ni karibu sawa, kwa hiyo weka hiyo 90/90 na chombo kitakaa kama kilivyokuwa. Ukivalisha 2.75-17 mbele inashuka zaidi ya sentimita moja, usukani unakuwa mwepesi wa kugeuka kuliko ulivyozoea na kwa mwendo mkali unaweza kuanza kutikisika. Spidomita sasa itategemea gia uliyochukua, waya wako wa zamani unaweza usiingie, andaa wa 150.

SpanaKumiNaMbili
Nakubaliana na mdau hapo juu. Naongezea mawili. Ndani ya kitovu cha ringi katikati ya beringi mbili kuna kimrija, watu wakibadilisha beringi wanakitupa au wanaweka kifupi, ukikaza ekseli unazibana beringi ndani kwa ndani, tairi linazunguka zito na beringi hazimalizi muda zinakufa. Hakikisha kipo na ni chake.

La pili mafuta ya breki, weka ya aina ya DOT 4 ya chupa mpya, usichanganye na DOT 5 hiyo ni silikoni, na funika tangi kwa kitambaa maana yakidondoka yanakula rangi. Toa hewa mpaka mkono wa breki uwe mgumu, ukibaki laini ufunge na kamba ukiwa umebanwa uuache hivyo usiku kucha, asubuhi toa hewa tena. Ukishamaliza kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, halafu nyanyua mbele shokapu zining'inie, kote huko paipu isivutike wala isiguse tairi.

PikiYaZamani
Shukrani wakuu. Masikio hayachomelewi. Jumamosi nafuata mbele yote na vikombe vyake.

MzeeWaDrum
Hiyo drum usiitupe, nitumie meseji.