Tupeane uzoefu: uliyekuwa umepotea kanisani, msikitini au jumuiyani, ulirudije mwaka ulipokuwa unaisha?

Jirani wa Kimara (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naanza na aibu yangu ili nanyi mje na za kwenu.

Nilihamia Kimara miaka mitatu iliyopita. Nilikotoka nilikuwa mwanajumuiya wa kweli, hadi uweka hazina nimeushika. Huku nikasema nipumzike kidogo, nimalizie ujenzi kwanza. Barua ya utambulisho niliyoandikiwa na katibu niipeleke jumuiya mpya, mpaka leo iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za saruji.

Jumuiya ya huku inasali Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, na mara nyingi ni kwa jirani yangu, mama mmoja mjane mwenye uwanja mpana. Ukuta wetu ni mmoja. Nikiwa kitandani nasikia kila kitu: wimbo wa mwanzo, somo la Dominika, mzee mmoja anayeshirikisha dakika ishirini, hadi sarafu zinavyogonga kikapu. Tangu mwaka jana wanabisha geti kuazima benchi langu la mninga. Nalisukumia nje, narudi kulala. Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba, benchi letu linasali kuliko wewe."

Mwezi uliopita yule mama alifiwa na kaka yake. Nikaenda msibani, nikakaa chini ya turubai na watu ninaowajua kwa sauti tu. Yule mzee nilimtambua alipofungua mdomo. Akanishika mkono, akasema, "Wewe ndiye mwenye benchi." Hakuongeza neno.

Sasa mkesha wa tarehe 31 unakuja, mwaka huu ni Jumatano. Kila mwaka naenda. Nakaa nyuma, saa sita usiku naimba na wenzangu, napeana heri ya mwaka mpya na watu nisiowajua, na Jumamosi inayofuata nimelala. Kwa hiyo mkesha peke yake haunitibu, nimeshaujaribu. Maaskofu Wakatoliki wa nchi zetu za Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kipaumbele tangu 1976, na nadhani naelewa kwa nini: kwenye parokia ya maelfu ya watu hakuna anayejua kwamba mimi sipo.

Mliopotea mkarudi, mliingiaje? Mlimpigia mwenyekiti kwanza? Mlijieleza? Mahubiri ninayo ya kutosha, nataka visa vyenu.

Mama Mshare

Pole kaka, na hongera kwa benchi.

Mimi Mlutheri wa Machame, naishi Dodoma. Miaka sita mfululizo nilikuwa napanda nyumbani Desemba kama Wachaga wote. Nakula nyama, nakunywa mbege, ikifika siku ya ibada nabaki jikoni kwa kisingizio cha wageni. Ukweli nilikuwa nimeachika na sikutaka macho ya watu.

Krismasi ya 2022 iliangukia Jumapili. Mama magoti yalikuwa yanamsumbua, akaniita saa moja asubuhi akanipa trei la mayai na mkungu wa ndizi. "Nipelekee sadaka yangu." Hakusema nenda kanisani. Sasa ukishatwikwa mkungu utabaki jikoni unafanya nao nini?

Kwa wasiojua, kwetu sadaka ya mazao ikishaombewa hutolewa nje baada ya ibada, inapigwa mnada: kuku, maziwa, maparachichi, miwa. Anayenunua mara nyingi anarudisha iuzwe tena, kwa hiyo mayai yaleyale yanaweza kununuliwa mara nne kabla ya kupata nyumba ya kulala. Mpiga mnada akainua mayai ya mama, akataja ukoo wetu, kisha akaniona. "Na aliyeyaleta ni yule pale, tumemtafuta miaka sita. Nani anaanza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja akayachukua kwa elfu kumi na tano, akaniletea mkononi. "Mrudishie mama. Mwambie mayai yalifika na mtoto alifika." Nililia njia nzima ya kushuka, na mayai mawili yakavunjika humohumo kwenye kulia.

Habari za mume hakuna aliyeniuliza. Mwaka uliofuata nilikwenda na trei langu mwenyewe.

Honi ya Kilindini

Mimi ni wa Mombasa, Mmethodisti. Huku mwaka mpya una sauti yake. Ikigonga saa sita usiku meli zilizoko Kilindini hupiga honi kwa pamoja, hata aliyelala hushtuka.

Kanisa nilikuwa nimeliacha tangu 2016, na sababu nikiitaja mtacheka: ugomvi wa kwaya juu ya sare. Ikaja tarehe 31 Desemba 2020, kafyu ya korona inaanza saa nne usiku, hakuna kesha popote. Nimekaa peke yangu mlangoni Changamwe, honi zikalia, na mtaa mzima kimya. Hapo ndipo nikaelewa kwamba ile kesha niliyokuwa nikiikwepa kila mwaka nilikuwa nikiitegemea. Unamkwepa mtu kwa raha kwa sababu unajua yuko palepale. Siku ambayo hayuko, hata kukwepa kwenyewe hakuna ladha.

Jumapili iliyofuata ilikuwa tarehe 3 Januari, nikaenda. Mwanzo wa mwaka sisi huwa na Ibada ya Agano, ambayo John Wesley aliianzisha London mwaka 1755. Katika sala yake kuna mahali unamwambia Mungu akuweke pamoja na yeyote amtakaye yeye. Nilikuwa nimeikariri tangu utotoni bila kuisikia. Siku hiyo, kwa sababu ya viti kutenganishwa, mhudumu akanionyesha nafasi iliyobaki. Mwenzangu wa benchi, mita moja na nusu kutoka nilipo, ni yule wa ugomvi wa sare.

Tukatazamana juu ya barakoa. Kukumbatiana sitasema, maana hata kulikatazwa. Tuligusana viwiko. Leo tunaimba bezi pamoja, na sare bado ni mbaya.

Nasali Nyumbani

Nitaharibu sherehe kidogo. Mimi nilirudi 2023, dhehebu silitaji. Siku ya kwanza nilipigiwa makofi. Siku ya pili nikapewa karatasi: ahadi ya ujenzi kwa miaka yote niliyokosekana, mchango wa gari, na nyingine ndogondogo, jumla shilingi 480,000. Nikauliza kama walijua kwamba katika miaka hiyohiyo mama yangu alilazwa miezi miwili. Hakuna aliyejua. Yaani daftari la michango lilinikumbuka na watu walinisahau.

Sijarudi. Tunasali nyumbani na watoto kabla ya taarifa ya habari, na Mungu hajatukimbia. Mleta mada, ukienda, tazama ni daftari gani litakalofunguliwa kwanza.

Jirani wa Kimara (mleta mada)

Mkuu, hapo umenishika pabaya. Nimekwambia nilikuwa mweka hazina. Karatasi kama hiyo nimezigawa kwa mikono yangu, na sikumbuki hata mara moja kumuuliza mtu alikuwa wapi.

Wa Wundanyi, Muscat

Mimi nafanya kazi za ndani Muscat, huu mwaka wa nne. Nyumba ya kwanza sikuwa na siku ya kupumzika, kanisa nililiona kwenye simu tu. Nyumba ya sasa wananipa Ijumaa, na kule Ruwi kanisani watu hujaa Ijumaa maana ndiyo siku ya mapumziko huku. Jumapili kila mtu yuko kazini. Mwanzo ilinisumbua, nikaona kama nasali siku isiyo yangu. Nimezoea. Ibada ikiisha sisi wa Afrika Mashariki tunajibanza kwenye kivuli cha ukuta, tunagawana chapati na habari za nyumbani.

Huku tunatangulia nyumbani kwa saa moja. Mwaka jana mwaka wangu mpya ulinikuta napiga pasi kanzu, hakuna aliyeniambia lolote. Nikamaliza, nikaingia chumbani nikampigia mama. Alikuwa kwenye kesha kijijini. Akaiweka simu kwenye benchi pembeni yake, juu ya leso, ili nisikie. Kasisi alikuwa anasoma majina ya waumini waliofariki mwaka ule. Nikasikia jina la mwalimu wangu wa Shule ya Jumapili.

Sikuwa najua. Mama alinificha tangu Agosti, aliogopa nitalia peke yangu ugenini. Basi nikalia, lakini na kanisa zima likilia upande wa pili, nasikia hata nani anapenga kamasi. Saa sita yao ilipofika mama akainua simu juu, na kila aliyepita akainamia akaniambia heri ya mwaka mpya. Wengine hata siwajui, watoto wamezaliwa nikiwa huku.

Kabla ya usiku huo nilikuwa nimeanza kuona Ijumaa ni siku ya kufua nguo zangu tu. Sasa nguo nafua Alhamisi usiku.

Mfunguo Tisa

Assalaam alaykum. Ndugu zangu Wakristo mniwie radhi kuvamia uzi. Mwaka wetu wa Hijria, 1447, ulishaingia tangu mwishoni mwa Juni, kwa hiyo Januari kwangu ni mwezi wa ada za shule. Lakini mwaka huu mwezi wa Mfunguo Tisa unaishia karibu na Krismasi yenu na Rajabu inaingia. Kwa sisi watu wa pwani mwaka unahesabiwa kutoka Ramadhani, ndiyo maana Shawwal, mwezi unaoifuata, tunaiita Mfunguo Mosi. Rajabu ikiandama, ujue umegongewa mlango: ukitoka Shaabani umefika Ramadhani.

Nilikuwa mtu wa Ijumaa tu, na hiyo Ijumaa yenyewe nafika khutba inaisha. Rajabu moja, hapa Tanga, maamuma mmoja mtu mzima anayehudumia msikiti wa mtaani kwetu alinifuata kibandani kwangu. Mimi fundi umeme. Hakunipa mawaidha, alinipa ufunguo wa stoo. Anakwenda Pemba siku kumi, pampu ya maji ni korofi, na alfajiri wazee wanataka maji ya udhu. "Wewe si unazijua nyaya?"

Saa kumi usiku niko pale, tochi mdomoni, nakaza waya. Maji yanatoka, wazee wanaingia mmojammoja, wananiita kwa jina langu na la marehemu baba. Sasa utawasha pampu uondoke kabla ya swala? Utapita wapi?

Siku kumi zikaisha, akarudi, ufunguo hakuudai. Ninao hapa mfukoni naandika.

Theluji Tupu

Minnesota. Saa sita usiku ya nyumbani huku ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo kikundi chetu kinakutana mchana tarehe 31, kwenye ukumbi tunaoazimwa, watoto wanahesabu kumi hadi sifuri jua likiwaka juu ya theluji, tunapiga vigelegele, tunakula pilau, na saa tatu usiku wote tumelala. Wenyeji nimeacha kuwaeleza. Nilijiunga kwa sababu ya pilau, nisiwe mwongo.

Jirani wa Kimara (mleta mada)

Mrejesho, kama mlivyodai inbox.

Jumamosi saa 12 na robo geti likabishwa kama kawaida, kijana amekuja kuchukua benchi. Nikamwambia shika upande ule. Tukalibeba wawili mpaka uwanjani, tukalitua, nikakaa mimi mwenyewe juu yake. Hakuna aliyegeuka sana. Mama mwenye nyumba alinisogezea kitabu cha nyimbo kikiwa tayari kimefunguliwa pale walipo. Mzee wetu safari hii alikwenda dakika ishirini na mbili, nilihesabu.

Na swali la daftari: lilifunguliwa la mahudhurio. Nikatoa ile barua yangu, ina vumbi la saruji na tarehe ya 2022. Katibu akaisoma yote kwa sauti, na alipofika pale panaposema mwanajumuiya huyu ni mwaminifu katika kuhudhuria, uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka. Akaniandika mstari wa 25. Michango haikutajwa. Itatajwa, najua, nami nitatoa. Nimeomba kitu kimoja tu, nisipewe uweka hazina.

Sasa nimetegwa. Wamenipangia sala tarehe 3 Januari, kwangu. Nina benchi moja na viti vinne vya plastiki. Kwenye jumuiya zenu mnatoa chai baada ya sala au inakatazwa? Nimeuliza huku, nikajibiwa "kila mtu na alivyojaliwa", jibu ambalo halinisaidii kitu.

Mama Mshare

Chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, basi. Ukianza na sambusa, wa wiki inayofuata atakosa usingizi. Tandika kitambaa cheupe mezani, msalaba, mshumaa, na kiberiti kiwe karibu, maana huwa kinatafutwa wakati wimbo umeshaanza. Viti kaazime kwa jirani, na anza kuulizia tangu Ijumaa.