Kauli mbiu ziliandikwa kumbana kiongozi, leo zinambana mwananchi

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaki kuificha. Kijijini kwetu kuna boma la zahanati. Matofali tulifyatua wenyewe, mchanga tulisomba wenyewe, tukalipandisha hadi linta kwa sababu tuliambiwa nguvu za wananchi zikifika hapo serikali inamalizia. Sasa miti imeota ndani. Kwenye mkutano wa hadhara mama mmoja akauliza bati zinakuja lini. Aliyekuwa meza kuu akasimama, akajibu kwamba taifa hili lilijengwa kwa kujitegemea, kwamba wazee wetu hawakuwa watu wa kuomba omba, na kwamba kulalamika mbele ya wageni ni kukosa uzalendo. Watu wakapiga makofi. Yule mama akakaa chini.

Makofi yale ndiyo yaliyonifanya nianzishe uzi huu. Tumefika mahali mtu anachukua maneno yaliyoandikwa kumlinda yule mama, anamnyamazishia nayo, na sisi tunashangilia.

Lisomeni Azimio la Arusha. Nasema kulisoma, maana wengi tumelisikia tu kwenye redio na kwenye hotuba za kumbukumbu. Ni tamko la chama cha TANU la ujamaa na kujitegemea, lilitoka Februari 1967. Sehemu ya siasa ya kujitegemea inaanza kwa kuwasema viongozi: kila anayesimama, awe waziri au mbunge, jibu lake la kila tatizo ni fedha, na fedha hatuna. Inatoka hapo inakwenda kwenye mikopo na misaada, inaonya kwamba nchi inayoegemea huko uhuru wake uko hatarini. Halafu inafika mahali ambapo natamani kila diwani na kila mbunge alazimishwe kupasoma kwa sauti. Inasema hospitali kubwa, umeme na barabara za lami viko mijini, lakini mikopo iliyovijenga inalipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya mkulima. Inaonya kwamba tusipoangalia, mnyonyaji wa mkulima atakuwa mtu wa mjini.

Hapo ndipo kujitegemea kulipozaliwa, wakuu. Waliolitamka walikuwa wanamtetea mtu wa kijijini ambaye jasho lake linajenga hospitali asiyotibiwa. Miaka karibu 60 baadaye mtu huyo huyo anauliza zahanati, anajibiwa kwa neno hilo hilo.

Na Azimio halikuishia kwenye maneno matamu. Kiongozi wa TANU au wa serikali sharti awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili mtu asijifiche nyuma ya ndoa, likaeleza kwamba masharti hayo yanamhusu kiongozi pamoja na mke wake au mume wake. Miezi michache kabla, Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza chuo, lakini siku hizo hizo alijikata mshahara wake kwa asilimia 20 na kuwakata wakubwa wenzake. Unaweza kubishana naye kuhusu wale wanafunzi, mimi mwenyewe naona aliwaonea. Lakini alijua kwamba ukimwambia mwenzio afunge mkanda, wako unakuwa umeshafungwa.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichochukua nafasi ya TANU, ikakaa Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo. Hisa ruksa, ukurugenzi ruksa, mishahara miwili ruksa, nyumba za kupangisha ruksa. Mwananchi hakupigia kura jambo hilo. Sasa angalieni kilichobaki. Upande wa kiongozi umefutwa. Upande wa mwananchi, ule wa kujitolea, kuchangia na kufyatua matofali, haukuguswa hata nukta. Azimio lilikuwa mkataba wa pande mbili na upande mmoja umejitoa, halafu huo uliojitoa ndio unaotukumbusha wajibu wetu.

Mtu atasema ujamaa na kujitegemea bado vimo kwenye Katiba. Vimo, ni kweli. Ibara ya 3 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa. Ibara ya 9 inataka shughuli za uchumi zisiendeshwe kwa namna ya kulimbikiza mali na njia kuu za uchumi mikononi mwa watu wachache. Ni maneno mazuri mno. Ila rudini nyuma kidogo mpaka Ibara ya 7, ibara ndogo ya 2. Inasema masharti ya sehemu hiyo, ambayo Ibara ya 9 imo ndani yake, hayana nguvu ya kisheria mbele ya mahakama yoyote. Kwa maneno mengine ukienda mahakamani kudai hayo malengo ya taifa lako, jaji hana la kukusaidia. Tunakaririshwa shuleni, tunaimbishwa, viongozi wetu wanaapa kukilinda kitabu hicho, na kipengele kinachotuhusu zaidi kimefungwa mlango na kitabu chenyewe. Mimi hili linaniuma kuliko hata hilo la 1991, kwa sababu 1991 kulikuwa na mkutano wa watu unaoweza kuwauliza. Hili limekaa kimya kwenye karatasi na watu wazima wenye shahada hawalijui.

Nisieleweke kwamba enzi za Mwalimu kila kitu kilinyooka. Kugeuzwa kwa maneno haya kulianza mapema, na walioanza ni wenye maneno wenyewe. Kule Songea kulikuwa na Ruvuma Development Association (RDA), vijiji vilivyoanzishwa na watu wenyewe, Litowa kikiwa ndicho mama yao. Walilima pamoja, walikuwa na mashine yao ya kusaga, walikuwa na shule yao, na maamuzi waliyafanya kwenye vikao vyao. Nyerere mwenyewe aliwahi kuvisifia. Kama kuna watu nchi hii waliishi ujamaa na kujitegemea bila kusukumwa, ni wale. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja RDA na mali zake zikachukuliwa. Kosa lao lilikuwa nini zaidi ya kujitegemea kweli, mpaka wakubwa wa mkoa wakajiona hawana cha kuwaamrisha?

Miaka minne baadaye likaja agizo kwamba kila mtu ahamie kijijini. Sera ya mwaka 1967 ilisema kijiji cha ujamaa kinajengwa na watu waliokubali kwa hiari. Mwaka 1973 hiari ikawa amri, mamilioni ya watu wakahamishwa, na kuna sehemu nyumba zilichomwa moto ili mwenyewe asipate pa kurudi. Neno juu ya bango likabaki lile lile, ujamaa.

Katikati hapo kuna kisa ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1971, baada ya mapinduzi ya Idi Amin kule Uganda na uvamizi wa Wareno kule Guinea, TANU ilitoa waraka ulioitwa Mwongozo. Kifungu cha 15 kilisema ni mwiko kwa kiongozi kuwa mjeuri, mbadhirifu, mwenye dharau na mwonevu. Wafanyakazi wakakichukua kama kilivyoandikwa. Viwandani na maofisini wakaanza kuwafungia nje mameneja wanaowatukana. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda na wakaendelea kuzalisha wenyewe. Fikirieni hilo: kauli ya chama imeshuka mpaka kwa mtu wa mashine, na mtu wa mashine anaitumia kumwuliza bosi wake. Waliojaribu kufuata njia hiyo kwingineko walikuta polisi, na Mwongozo ukaanza kufasiriwa kwamba jambo la kwanza ni nidhamu ya kazi. Kifungu hakikufutwa. Kiligeuzwa tu kikaangalia upande mwingine.

Tazameni na neno kazi. Wakati tunapata uhuru, wimbo ulikuwa Uhuru na Kazi. Vilikwenda pamoja: umeupata uhuru, sasa fanya kazi, na kazi hiyo unaifanya ukiwa mtu huru. Mwaka 2015 tukapewa Hapa Kazi Tu. Mwaka 2021, Kazi Iendelee. Sina ugomvi na kazi, nimelima tangu nikiwa mtoto. Ugomvi wangu ni kwamba mwenzake, uhuru, aliondoka na hakuna aliyetangaza. Na mwaka 2005 tuliahidiwa Maisha Bora kwa Kila Mtanzania. Hiyo ilikuwa ahadi, ina mdai na mdaiwa. Haikukaa muda mrefu tukaanza kuambiwa maisha bora hayaji kwa kukaa vijiweni, na deni likawa letu.

Mfano wa karibuni mnaukumbuka, maana uligusa simu ya kila mtu. Julai 2021 zikaanza tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya ada za kawaida. Lugha iliyotumika kuzitetea hizo tozo ilikuwa mshikamano na uzalendo. Mama aliyemtumia mwanaye hela ya matumizi alikatwa, halafu akinung'unika aliulizwa kama haipendi nchi yake. Kelele zikawa kubwa, Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye zikapunguzwa tena. Angalieni kilichozipunguza: kelele. Zile zile zilizokuwa zinaitwa kukosa uzalendo.

Mwenge wa Uhuru nisiuache. Mwaka 1959 Nyerere alisema tuuwashe tuuweke juu ya Kilimanjaro ulete tumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki na heshima palipojaa dharau. Kuna mtu humu hajawahi kusikia watu wakilalamikia michango ya mwenge? Basi.

Ndugu zetu Wakenya wanaopita humu wana la kwao, Harambee. Kenyatta aliitoa 1963 kama mwito wa kuvuta pamoja, shule nyingi zikajengwa kwa nguvu hiyo na heshima yake haifutiki. Enzi za Moi chifu akawa anakusanya mchango wa lazima kwa jina hilo, na mwanasiasa anakuja na bahasha kununua jina. Neno lao, njia ile ile kama yetu.

Kuna wanaosema lugha inakua, nyakati zinabadilika, maneno ya 1967 hayawezi kubaki na maana ya 1967. Nakubali kwamba nyakati zinabadilika. Naomba mnionyeshe mfano mmoja tu ambapo badiliko lilimbana zaidi mwenye cheo na kumlegezea wa chini. Mimi nimetafuta sikuuona. Badiliko linalokwenda upande mmoja kwa miaka 60 lina mtu anayelisukuma.

Ahadi za mwana TANU, ambazo CCM bado inazo, zilisemwa na mtu kwa kinywa chake mwenyewe. Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Kila mwenye kadi alijifunga yeye, hakumfunga jirani. Leo anayepanda jukwaani hajifungi na lolote. Anatuambia sisi tufanye kazi, tujitegemee, tuwe wazalendo, tudumishe amani. Yeye yuko wapi ndani ya sentensi hizo?

Kwa hiyo ninachowaomba ni hiki. Mtu akisimama kwenye mkutano wenu mkuu wa kijiji au wa mtaa akataja kujitegemea, mwulizeni papo hapo kwa adabu: mheshimiwa, yale masharti ya kiongozi nayo yamo? Ombeni taarifa ya mapato na matumizi isomwe, ni haki yenu na haihitaji kuwa mwanachama wa chochote. Msipige makofi kabla ya jibu.

Na kama humu kuna mtu ambaye mzazi wake au babu yake aliishi Litowa kabla ya 1969, au alifanya kazi Mount Carmel mwaka ule wa 1973, namwomba akae naye, amsikilize, aandike hapa alichoambiwa, hata kama ni mistari mitano. Wazee hao wanaondoka, na wao ndio waliyasikia maneno haya wakati bado kiongozi anayaogopa.