Fiske Kimball alikuwa msanifu majengo au mwanahistoria?

Baba wa Upanga: Wakuu habari za asubuhi, kijana wangu anasoma usanifu majengo kapewa kazi ya kumwandika huyu Mmarekani Fiske Kimball, sasa mbona wengine wanamwita msanifu wengine mwanahistoria?

Mchoraji: Vyote viwili mkuu. Kazaliwa Massachusetts 1888, kasoma Harvard. Ila kilichompa jina ni michoro ya majengo aliyoichora Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, alikaa nayo akaichambua mstari kwa mstari, 1916 akatoa kitabu kuonyesha kwamba yule rais alikuwa msanifu wa kweli kabisa. 1919 ndo akaanzisha masomo ya usanifu Chuo Kikuu cha Virginia.

Dada Kisutu: Naongezea, kaongoza makumbusho ya sanaa ya Philadelphia miaka 30, 1925 hadi 1955, na ukarabati wa Monticello, nyumba ya Jefferson, alikuwemo. Aliweza sababu michoro ilitunzwa! Huku mtaani kwetu kuna nyumba imevunjwa, mlango wa nakshi umepakiwa kwenye kirikuu juu ya mchanga, hakuna aliyeupima wala kuupiga picha, imeniuma sana. Kijana apite Boma la Kale hapa Dar, lile jengo la Sultan Majid wa Zanzibar la miaka ya 1860, aguse zile kuta za matumbawe, aende na futi kamba.

Baba wa Upanga: Asante sana, Jumamosi nampeleka mwenyewe.