Filta nyekundu ya kioo, ya ndani ya kamera au ya kompyuta? Picha nyeusi na nyeupe za Mikindani

Mtoto wa Chikongola
Wakuu habari za jioni. Nimepata kakazi ka picha za kutundika ukutani, nyumba ya wageni pale Mikindani. Picha 12, zote nyeusi na nyeupe: nyumba za mawe, milango ya nakshi, mashua, nyuso za wazee. Nataka lile anga jeusi la kutisha, mawingu yaking'aa kama pamba. Nimeambiwa siri yake ni filta nyekundu. Sasa niko njia panda: ninunue ya kioo ya kufunga mbele ya lenzi (kuna jamaa Kariakoo atanipakilia kwenye basi la Ijumaa), nitumie ile filta iliyomo kwenye menyu ya kamera, au nipige rangi kama kawaida nikamalizie kwenye kompyuta? Ipi bora? Naomba majibu kabla ya Ijumaa.

Kusi la Mei
Bora kwa kamera gani? Lenzi mdomo wake milimita ngapi? Unapiga JPEG (picha iliyokwisha kupikwa na kamera) au RAW (faili ghafi lenye kila kilichopokelewa)? Zitachapwa kwa ukubwa gani? Umeuliza bei ya mchele bila kusema kilo ngapi.

Binti Shangani
Hata kama ana kompyuta hajasema 😂 Kaka, kama huna usijitese. Snapseed kwenye simu ina sehemu ya nyeusi na nyeupe, ndani yake kuna viduara vya rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu. Unagusa, unaangalia, unagusa kingine. Bure. Picha zangu zote za Msimbati nimezifanya hivyo na hakuna aliyewahi kuniuliza filta iko wapi.

Mzee wa Chumba cha Giza
Wanangu, filta ni kioo. Hayo mengine ni kumpaka wanja maiti. Nimeosha filamu Lindi mjini miaka na miaka, najua ninachosema. Njano namba 8 inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, chungwa kama mbili, nyekundu namba 25 inakula tatu, kila stopu ikikata nusu ya uliobaki. Spidi iliyokuwa 1/500 inashuka mpaka 1/60, kwa hiyo chukua stendi. Kioo chekundu kinapitisha wekundu na kuzuia buluu, ndiyo maana anga linaiva na ukuta wa chokaa unabaki mweupe. Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, mwaka 1927 kule kwenye milima ya Yosemite alipiga kwanza na filta ya njano, akaona anga halitakuwa na uzito anaoutaka, akamalizia sahani yake ya mwisho (kioo chenye dawa, kilichotumika kama filamu) kwa nyekundu. Ni moja ya picha zilizompa jina. Na hakuwa na simu.

Kusi la Mei
Shikamoo mzee. Kwenye filamu sikupingi hata kidogo, maana filamu nzima inapokea mwanga unaopita. Sensa ya kamera za siku hizi, kile kipande kinachopokea mwanga, haiko hivyo. Vitundu vyake vimefunikwa rangi tangu kiwandani: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Ukifunga kioo chekundu mbele, robo tatu ya vitundu vinakaa karibu gizani. Kamera ya pikseli milioni 24 inakufanyia kazi na milioni 6, zilizobaki inabuni. Kwenye kijani na buluu unaambulia chenga, vile vidoa vidoa vya picha iliyokosa mwanga. Tena umejifunga: ukifika nyumbani ukakuta anga zuri lakini mikorosho imekuwa masizi, huna pa kurudi. Ukipiga rangi kwa RAW unaamua baadaye, hata mara kumi.

Mzee wa Chumba cha Giza
Marahaba. Chenga ndiyo uhai wa picha. Na mtu wa kuamua mara kumi hajaamua.

Mama Albamu
Ngoja niwasimulie yaliyonikuta, maana hii "filta ya ndani ya kamera" ilinitoa jasho.

Harusi, Mtwara mjini, mwaka juzi. Familia ikataka albamu moja ya nyeusi na nyeupe. Mimi na kiherehere changu nikaiweka kamera kwenye nyeusi na nyeupe, nikachagua filta nyekundu, JPEG peke yake ili kadi isijae. Nje kila kitu kizuri, mnazi umesimama kwenye anga kama lami. Nikanogewa, nikaingia nayo hivyo hivyo ndani kwa bibi harusi.

Bibi harusi alichorwa usiku kucha: hina mpaka kwenye viwiko, na piko imezungushia kila ua. Nilipofungua kwenye kompyuta, piko ipo, hina haipo. Mikono imebaki na mistari mitupu, kama daftari la mtoto la kupaka rangi kabla hajalipaka. Midomo iliyokuwa myekundu imelingana na mashavu, utadhani kaamka na homa. Kanga ya mama yake, nyekundu yenye maua meupe, imekuwa shuka. Maua huyaoni, maana wekundu nao umegeuka mweupe! Mama aliyechora hina akaitwa aje aone kazi yake. Alichosema sikiandiki hapa.

Wakasema basi, turudishie rangi. Rangi za wapi? JPEG ilishazitupa pale pale nilipobonyeza. Nusu ya malipo nilirudisha na albamu mpaka leo iko kabatini kwangu. Ningeweka RAW, kioo cha nyuma ya kamera kingenionyesha nyeusi na nyeupe vile vile, lakini rangi zote zingebaki ndani ya faili. Kitufe kimoja tu.

Korosho Ghafi
Pole sana dada. Ila tuseme ukweli, nani bado anataka picha isiyo na rangi? Ghuba ya Mikindani maji yanabadilika kijani mpaka buluu mchana mzima, halafu mnayageuza majivu.

Binti Shangani
Anayelipa anataka. Wewe kauze korosho.

Korosho Ghafi
Mnada wenyewe bado. Niko hapa bure.

Mtoto wa Chikongola
Samahani wakuu, nilikuwa barabarani. Kamera ni Canon ya mkononi kwa mtu, pikseli milioni 24, lenzi ile ya 18-55, mdomoni imeandikwa 58. Napiga JPEG kwa sababu kadi ni ndogo. Laptopu ninayo ila ni ya RAM 4, inawaza kwanza. Ukubwa ni wa kawaida tu.

Kusi la Mei
Kawaida kwa nani? Pasipoti nayo ni kawaida.

Mtoto wa Chikongola
Sentimita 60 kwa 90.

Mama Albamu
Na ulikuwa unakaa kimya nayo hiyo!

Kusi la Mei
Basi achana na kioo, na kadi kubwa ni bei ndogo kuliko filta. Kwa 60 kwa 90 usipige JPEG: kila rangi ina ngazi 256 tu, wakati RAW ya biti 14 ina 16,384. Ukilivuta anga la JPEG kuwa jeusi linakatika matabaka kama ngazi za msikiti. Fungua RAW kwa programu ya darktable, kisha GIMP ukipenda, zote bure. GIMP ina kitu kinaitwa Mono Mixer, unapanga kila rangi ichangie kiasi gani kwenye nyeusi na nyeupe. Nyekundu 1, kijani 0, buluu 0, hiyo ndiyo filta nyekundu yako. Halijaiva? Nyekundu 1.2, kijani 0.2, buluu -0.4. Jumla ibaki 1, la sivyo picha nzima inapanda au inashuka mwanga. Na usiwe na pupa. Tazama ncha za makuti yalipokutana na anga: ukizidisha unatokea uzi mweupe kuzunguka kila jani, na kwenye sentimita 90 uzi huo utaonekana kuanzia mlangoni.

Mwenyeji wa Mitwero
Hamjamwambia jambo la kwanza kabisa. Filta yoyote, ya kioo au ya kompyuta, inafanya kazi kama anga ni la buluu. Siku za masika au ukungu wa joto anga letu jeupe tupu, na jeupe lina rangi zote sawa, hakuna cha kuzuia. Asubuhi, jua mgongoni, kipindi cha kusi. Nimepiga ghuba ya Lindi hivyo kwa njano peke yake na ilitosha.

Binti Shangani
Na nyuso za wazee je? Mnamwekea mtu filta nyekundu usoni anatoka kama kamwagiwa unga. Bibi yangu ana nembo za chale mashavuni. Nilimpiga picha, nikagusa kiduara chekundu, ngozi ikalainika, chale zikafifia. Nikagusa kijani, zikarudi, kila mkunjo ukaonekana. Buluu ikamkoleza mno, kama mpingo. Yeye mwenyewe alichagua ya buluu.

Mzee wa Chumba cha Giza
Bibi ana macho. Kwa uso, njano-kijani namba 11. Nyekundu ni ya mawe na mawingu.

Mama Albamu
Lakini mzee, tuwe waangalifu, kuna wateja watasema umewatia weusi makusudi.

Korosho Ghafi
Na wengine watasema umewatia weupe makusudi. Hapo ndipo rangi ingesaidia 😂

Mtoto wa Chikongola
Nimewasikia. Kitu kimoja nilisahau. Mteja alisema anataka zionekane kama za enzi za Mjerumani, ziendane na lile boma la 1895.

Kusi la Mei
Mkuu! Hilo ndilo ungeanza nalo. Umewahi kuzitazama picha za zama hizo? Anga jeupe, tupu, mawingu hakuna. Sahani za wakati ule zilikuwa zinaona buluu sana na wekundu haziuoni kabisa. Kwa hiyo unachotaka wewe na anachotaka mteja ni vitu viwili vinavyopigana. Kizamani cha kweli ni filta ya buluu: anga linapauka, mbali kunaingia ukungu, udongo mwekundu unakuwa mweusi. Ila angalia chenga, chaneli ya buluu ndiyo yenye chenga kuliko zote.

Mzee wa Chumba cha Giza
Kwa hili namuunga mkono kijana. Naumia kusema.

Mwenyeji wa Mitwero
Mimi nisingemsikiliza mteja neno kwa neno. "Ya kizamani" kwa watu wengi ni anga jeusi. Mchapie mbili ndogo, moja nyekundu moja buluu, mpeleke achague.

Binti Shangani
Na achape wapi? Sehemu niliyochapa mimi nyeusi na nyeupe ilitoka na ukijani, nikaambiwa nyumbani kwangu taa ndiyo mbaya.

Mama Albamu
Hiyo mada ifunguliwe yake. Fremu je, mninga au mpingo?

Korosho Ghafi
Mpingo wa sentimita 90 mara 12? Atatundika mkopo.

Mtoto wa Chikongola
Jamaa wa Kariakoo kapiga. Ya 58 imeisha, anayo ya 67 na ringi ya kupunguzia, anasema basi linaondoka alfajiri nimjibu sasa hivi. Nimwambieje?

Mzee wa Chumba cha Giza
Ilete. Usipoitaka nainunua mimi.

Kusi la Mei
Muulize kwanza kama anauza kadi za GB 64.