Tupeane uzoefu: siku ukurasa wa logi ulipokudanganya

Mleta uzi
Wakuu, habari za mihangaiko. Sisi tunaotengeneza kurasa za kuonyesha logi (kumbukumbu za maandishi) za bildi zilizofeli, yaani kodi iliyoshindwa kugeuzwa kuwa programu, kila mmoja ana siku aliyochezewa akili na ukurasa wake mwenyewe. Leteni visa. Naanza.

Mwenzangu aliniita nisome kosa la kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa programu) ya C++. Inagoma, inasema haiwezi kugeuza std::vector (aina ya orodha) kuwa std::vector. Yaani kitu kiwe kile kile, halafu kishindikane! Tukafuta kashe, tukaweka kompaila upya, tukabishana karibu saa nzima. Mwishowe nikaingia kwenye seva na kufungua faili la logi lenyewe. Kule imeandikwa `std::vector<int>` na `std::vector<double>`. Kivinjari kilipoiona `<int>` kilidhani ni tagi ya HTML (alama za kupanga ukurasa), kikaimeza kimya kimya. Kosa langu: sikugeuza alama ya `<` kuwa `<` kabla ya kuipeleka ukurasani.

Jasho lilinitoka baadaye. Kama `<int>` ilipita, basi hata `<script>` (tagi inayobeba kodi ya kuendeshwa) ambayo mtu angeipachika kwenye jina la jaribio ingepita, na ingetekelezwa kwenye kivinjari cha kila msomaji.

Mchangiaji wa 1
Pole mkuu. Changu: ukurasa wa kijani (yaani bildi imefaulu), programu haipo. Amri ya kubildi tuliipitisha kwenye `tee` ili logi ionekane huku ikiandikwa kwenye faili. Sheli huchukua jibu la amri ya mwisho kwenye mnyororo, na `tee` yenyewe haina shida na mtu, inarudisha 0, yaani "nimefaulu". Tulishangilia kijani siku tatu. Dawa ni mstari mmoja wa bash, `set -o pipefail`, unaofanya mnyororo mzima uhesabiwe umefeli amri yoyote ikifeli.

Mchangiaji wa 2
Mimi nililaumu moduli isiyo na hatia. Kosa lilikaa chini ya jina lake kabisa, nani asingeamini? Kumbe stderr (njia ya makosa) hutoka papo hapo, lakini stdout (njia ya matokeo ya kawaida) ikielekezwa kwenye bomba badala ya skrini hujikusanya kwenye bafa (hifadhi ya muda) kwanza, ndipo imwagwe kwa mkupuo. Kwa hiyo kosa hufika kabla ya mistari iliyolitangulia. Msidhani kupiga muhuri wa saa kutaponya: muhuri wetu ulikuwa unagongwa mstari unapofika, sio unapozaliwa. Kwa Python niliweka `PYTHONUNBUFFERED=1` isijikusanye, yakaisha. Kwa `make` (zana ya kubildi) inayoendesha kazi nyingi kwa pamoja kuna `--output-sync`, inayokusanya matokeo ya kila kazi pamoja, tangu toleo la 4.0 la GNU make.

Mchangiaji wa 3
Logi yangu ilijaa takataka kama `[31m` na `[0m`. Hizo ni alama za rangi za terminali (dirisha la kuandikia amri). Ukurasa hauzijui mpaka uzitafsiri. Mbaya zaidi ni ile asilimia ya upakuaji: kwenye terminali hujifuta na kuandikwa upya palepale, kwangu kila hatua ikawa mstari mpya. Kosa lenyewe lilikuwa mistari miwili, limezikwa chini ya maelfu.

Mchangiaji wa 4
Nyie mnacheka, sisi tulibadilisha funguo zote usiku. Mfumo ulikuwa unaficha nywila kwa nyota, tukalala usingizi. Skripti moja ikaichapisha ikiwa imegeuzwa kuwa base64 (namna ya kuandika data kwa herufi nyingine, inayorudishwa kirahisi). Kichujio kinatafuta maandishi yale yale, hayo mengine hakiyajui, na ukurasa ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo.

Mleta uzi
@Mchangiaji wa 3, mimi ukurasa sasa unafungukia kwenye kosa la kwanza badala ya mwisho wa logi, kwa sababu yale ya chini mara nyingi ni watoto wa lile la juu. Ila wakati mwingine unanasa neno "error" kwenye jina la faili tu, unanipeleka porini. Mwenye njia bora anielekeze. Na kiungo cha logi ghafi, yaani faili lenyewe bila mapambo ya ukurasa, nimekiweka juu kabisa leo, baada ya kusoma haya.